Bwana Nipe Mkono Anaaga Chumba Namba Tisa

Tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo atarudisha funguo za chumba namba tisa, baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne katika kliniki ya magonjwa ya misuli. Ukimtafuta kwa jina lake halisi utazunguka jengo zima. Muulizie Bwana Nipe Mkono, hata mlinzi wa getini atakupeleka.

Jina hilo lilitokana na mazoea yake. Hakuna mgonjwa aliyeingia kwake bila kupewa mkono mlangoni, na mkono wenyewe hakuuachia upesi. Wapo walioshika vizuri, kisha vidole vikagoma kufunguka. Hao aliwauliza palepale kama kuna mzazi au ndugu mwenye tatizo hilo, maana ugonjwa wa namna hiyo hutembea katika ukoo. Dereva mmoja wa lori aliyelalamika maumivu ya mapaja aliambiwa amwage mezani dawa zote anazomeza, na kumbe kisa kilikuwa vidonge vya kushusha mafuta ya damu.

Mama mshonaji ndiye anayekumbukwa zaidi. Alishindwa kuinua mikono hata kuchana nywele, na mashemeji walishafanya kikao wakakubaliana kwamba amerogwa. Bwana Nipe Mkono aliona wekundu kwenye kope na vifundo vya vidole, akampeleka kwa daktari mbio. Kinga ya mwili wake ilikuwa inashambulia misuli yake yenyewe. Baada ya miezi mitano ya dawa alirudi amejisuka mwenyewe, akiuliza kwa ukali mashemeji wake wanaishi mtaa gani siku hizi, kwani hawaonekani.

Kwa watoto hakutania. Mtoto wa kiume anayeanguka ovyo, mwenye vigimbi vinene, anayejiinua sakafuni kwa kuyapanda mapaja yake kwa mikono, Bwana Nipe Mkono alijua wataonana tena mtoto akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mama akiambiwa kwamba kasoro imepitia kwake, yeye aliketi naye chini. Alimwambia kwamba hakuna mama anayechagua cha kumrithisha mwanawe, kama ambavyo hakumchagulia pua.

Sasa niseme jambo lisilopendeza kwenye jarida la wafanyakazi. Miaka miwili iliyopita alianza kuangusha vitu: kikombe, kalamu, faili. Sisi, watu wa misuli, tulimcheka. Mimi muuguzi ninayeandika haya ndiye niliyemwambia uzee umebisha hodi, aufungulie. Kila asubuhi alitupa mkono, na kila asubuhi tuliushika ukizidi kulegea, tukaenda kunywa chai. Kinyozi hajinyoi, ni kweli, lakini huyu alikuwa na vinyozi kumi na wawili kando yake. Tuliacha kucheka siku alipoanguka ngazini na mapaja yakakataa kumnyanyua.

Marehemu mjomba wake alitembea kwa mkongojo tangu ujana, na waliojua sababu wote wameshazikwa. Binti pekee wa Bwana Nipe Mkono alikuwa na mimba ya miezi sita, mtoto wa kiume. Hakuhitaji kufafanuliwa. Kama ugonjwa wake ulikuwa ule wa ukoo aliouhofia, baba humpa binti, binti haugui, kisha mwana wa binti anaupata au anaukosa, nusu kwa nusu. Kipande cha msuli wa paja kilikatwa kikapelekwa maabara. Kwa wiki saba hakumpigia binti yake simu, akihofu sauti itamsaliti. Alimtumia ujumbe tu kwamba hajambo, kazi nyingi.

Majibu yalikuja Jumanne moja. Ni ugonjwa wa ukubwani, unaolegeza vidole na mapaja, na baadaye hata kumeza chakula huwa kazi. Dawa ya kuuzuia haijapatikana. Si wa kurithishana. Daktari aliyasoma hayo yote kwa sauti ya msibani, na Bwana Nipe Mkono akaomba arudie lile la mwisho tu. Aliporudia, mzee alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akaniomba nimbonyezee namba ya binti yake, kwa sababu vidole havikuweza. Niliibonyeza mara mbili kwa kukosea, machozi yalikuwa yamenijaa.

Bwana Nipe Mkono, ulipaswa kuondoka kwa umri, miaka mitatu ijayo, na inatuuma kwamba unaondoka kwa ugonjwa tuliopaswa kuuona. Utusamehe. Asante kwa kila uliyemsimamisha, na kwa kila uliyeketi naye alipokuwa hawezi tena kusimama. Mjukuu amezaliwa juzi, kilo tatu na nusu, na tunaambiwa mateke yake hayana adabu. Tunakutakia maisha marefu ya kukaa kitini huku yeye akikimbia nyumba nzima, mpaka umchoke.