Sauti ya Sikio la Kushoto

Kwenye kivuko cha Pangani, karibu nami na mwanangu niliyempakata, Wilfred, fundi mwenye studio chumbani kwake, alikuwa akimlalamikia dada mmoja, Praxeda. “Mama yako aliimba kwa maiki moja, wewe ukamrekodi kwa stereo, njia mbili, kushoto na kulia. Sasa anasikika sikio la kushoto tu! Lete hiyo rekodi niigeuze mono, njia moja, asikike sawa masikio yote mawili. Watu watadhani spika zao mbovu.”

“Waache wadhani. Marehemu hakuniachia sauti nyingine.”

Nikambembeleza mwanangu anyamaze, ingawa hakuwa analia.

“Lakini dada, upande wa kulia uko kimya kabisa!” Wilfred alisema.

“Kwenye kwaya yetu ya mtaa wa Mabawa, miaka kumi na miwili, mama alikuwa akisimama kushoto kwangu. Nikivaa spika za masikioni, yupo palepale. Ukimweka katikati, mimi nitasimama na nani?”

Kivuko kilipogusa Bweni, ng'ambo ya mto, Wilfred alishuka naye, akitembea upande wake wa kulia.