Bwana Desimali na Mtambo wa Dirishani

Wafiwa na majirani, chozi msilizuie,
Kicheko nacho moyoni, kikija mkiachie.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Desimali, alizaliwa tarehe 29 Februari 1968, akiwa mtoto wa tatu wa fundi saa na mkunga, na kwa kuwa hakukubali siku yake isogezwe mbele wala nyuma, alisherehekea kuzaliwa kila baada ya miaka minne, bila kinyongo na bila keki ya fidia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975, na jina hilo alilipata sekondari, pale mwalimu wa hisabati alipomwongezea nusu alama ili afikishe sabini, naye akasimama mbele ya darasa zima kuirudisha, akatolewa nje kwa ujeuri.

Januari 1994 aliajiriwa katika idara ya kompyuta, chumba cha ghorofa ya pili chenye feni moja, kazi yake ikiwa kuandika majaribio ya kuhakikisha kwamba kila mtumiaji aliyegawiwa nafasi kwenye diski anazuiwa pale pale anapofika kikomo, si kabla, si baada. Kwenye meza iliyoelekeana na yake alikaa binti aliyeandika programu ya kugawa nafasi hiyo, na jaribio lilipokwama, vita ikaanza.

"Diski yako inapunja watu, dada."

"Diski inagawa vipande vizima, kaka. Faili likizidi hata chembe, linachukua kipande kingine kizima. Jaribio lako ndilo linalokata mabaki na kuyatupa."

Walibishana hivyo hadi mhudumu wa chai akawa anatua vikombe mlangoni na kukimbia, lakini hatimaye marehemu akalirekebisha jaribio lihesabu kwa kupandisha mabaki yawe kipande kizima, likapita, nao wakafunga ndoa tarehe 14 Agosti 1999, wakajaliwa mabinti wawili.

Likapita kila mahali, isipokuwa kwenye mtambo mmoja mkongwe wa kompyuta uliokaa karibu na dirisha. Mkuu wao wa kazi akashauri jaribio liruhusiwe kukosea kidogo, marehemu akamjibu kwamba hata mlango wa choo ukikosea kidogo haufungiki. Nyumbani alishikilia kwamba kosa ni la mkewe, mkewe akashikilia kwamba ni la mumewe, mpaka mabinti wakazoea kuhama mezani na sahani zao mkononi.

Figo zilianza kumsumbua Novemba mwaka juzi, na alipolazwa Februari mwaka huu, wote wawili walijua kwamba hatarudi nyumbani, na kwamba kilichobaki ni kujua kosa lilikuwa la nani kabla hajafumba macho. Mkewe akamletea kompyuta wodini, wakasoma mstari kwa mstari, muuguzi akidhani wanasali, hadi walipofika mahali ambapo marehemu, kwa mkono wake mwenyewe, aliandika kwamba kila kipande kina kilobaiti nne, badala ya kuiuliza diski yenyewe, ilhali vipande vya mtambo ule mkongwe vilikuwa vya nane.

"Umeshinda, mama watoto," alisema, "lakini kwa kukadiria."

"Kwa kukadiria kwenda juu au chini?"

"Juu."

Mkewe akalisahihisha jaribio palepale, likapita kwenye mitambo yote, na tarehe 4 Machi, asubuhi, marehemu akafariki dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliovumilia kuulizwa kipimo cha homa mpaka tarakimu ya mwisho, majirani, waliopika, kufagia na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake, ambao tangu jana wamejizuia kusema kwamba alikuwa na karibu miaka sitini.

Pumzika kwa amani, baba, bila kupunguziwa wala kuongezewa. Kati ya wale wawili wa meza za kuelekeana, aliyebaki ni mkeo.