Mwenye Chumba Namba Saba

Familia inawasalimu wote mliofika, na inawasalimu pia ndugu walioko Kamachumu wanaotufuatilia kwa simu, ambako sasa ni saa tisa alasiri. Historia hii imeandikwa na watoto wa marehemu, tarehe zake zimelinganishwa na vyeti, na pale ambapo cheti hakikupatikana itasemwa hivyo, kwa kuwa marehemu hakupenda jambo lisemwe nusu, ingawa miaka yake mitatu ya mwisho ilimlazimu kuishi hivyo.

Laurette Evodius Kaijage alizaliwa Kamachumu, Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, tarehe 14 Agosti 1973, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Evodius Kaijage na mkewe Ann, wote sasa marehemu. Cheti cha shule kinasema tarehe 16, lakini cheti cha ubatizo ndicho cha zamani zaidi, nacho kinasema 14, kwa hiyo familia imefuata hicho. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kamachumu kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, kisha sekondari ya wasichana mjini Bukoba, shule ya bweni, mwaka 1988 hadi 1991, ambako alikuwa wa kwanza darasani katika hisabati miaka mitatu mfululizo, na mwaka wa nne akawa wa pili, jambo alilolieleza hadi mwisho wa maisha yake kuwa ni uonevu.

Mwaka 1994 aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba mjini Mwanza, akafanya kazi hiyo miaka kumi. Tarehe 7 Oktoba 2000 alifunga ndoa na Bwana Linus, na tarehe 2 Machi 2003 wakajaliwa mtoto wa kwanza, Shekinah. Mwaka 2004 Bwana Linus alikuja London kusoma, naye marehemu akamfuata na mtoto mgongoni, wakatua tarehe 11 Februari 2005, siku ambayo alisema aliona moshi ukitoka mdomoni mwake akadhani ameugua. Mtoto wa pili, Ann, mwenye jina la bibi yake, alizaliwa tarehe 19 Juni 2010. Mwaka 2013 wazazi walitengana, na familia haina la kuongeza hapo.

Tangu mwaka 2009 marehemu alifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, kuwaogesha, kuwavisha, kuwapa dawa na kuwapikia uji, nyumba saba au nane kwa siku, akilipwa dakika anazokuwa ndani ya nyumba na si dakika anazokuwa barabarani akienda nyumba nyingine. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye nyumba ya vyumba tisa, sita kati ya hivyo vimefungwa kwa funguo na kuwashiwa joto mwaka mzima ili rangi ya ukuta isipasuke, na marehemu alipokuwa akifuta vumbi humo alikuwa akiegemeza mgongo wake ukutani kidogo kabla ya kutoka. Alisema, “Hapa ukuta unatunzwa kuliko mimi,” akacheka, na watoto wake wakacheka kwa sababu alikuwa amecheka yeye.

Kuanzia mwaka 2011 aliishi Barking, mashariki mwa London, nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili juu ya duka la dobi. Mwezi Septemba 2022 Bi. Faridah wa Tanga, ambaye yuko nasi hapa, alipoteza kazi na malazi siku moja, kwa kuwa bibi aliyekuwa akimhudumia na kuishi naye alifariki, akaja kulala sebuleni kwa marehemu. Ikawa ndiyo wiki ambayo wakala wa nyumba alileta fomu yake ya kila mwaka, inayouliza majina ya watu wazima wote waliomo ndani. Fomu zote za nyumba ile zilijazwa na Shekinah tangu akiwa na miaka kumi na moja, naye akauliza aandike nini kuhusu mgeni, na marehemu, akiwa amesimama jikoni akimenya ndizi, akajibu, “Mwandike. Mtu anakula chungu kimoja na mimi, halafu nimfute kwenye karatasi?” Mkataba ulikataza mtu mzima wa ziada bila kibali. Tarehe 26 Septemba 2022 ikaja barua ya kutakiwa kuhama.

Kumekuwa na maneno juu ya jambo hili, hapa London na nyumbani, kwamba marehemu alifukuzwa kwa sababu ya fulani. Familia inaomba maneno hayo yaishe leo. Bi. Faridah alipoiona ile barua alifunga mzigo wake asubuhi iliyofuata na kutoka bila kuaga, marehemu akamkimbilia hadi kituo cha basi akiwa na kandambili, akimwita mbele ya watu, “We Faridah! Unaondokaje bila chai, nani kakufukuza? Nyumba haikuwa yangu hata kabla hujaja, mwanamke wewe, rudi unywe chai!” Bi. Faridah alirudi akanywa, na waliendelea kuwa dada hadi mwisho.

Tarehe 30 Novemba 2022 halmashauri ilimpa marehemu na watoto wake chumba cha muda, chumba namba saba, ghorofa ya pili, katika jengo lililo dakika kumi kwa miguu kutoka kituo cha Rayners Lane, upande wa pili wa jiji kutoka shule ya Ann. Walikuwa na vitanda vitatu, dirisha moja, na jiko la pamoja la familia tano. Nyuma ya mlango palibandikwa masharti, na marehemu alimwamuru Shekinah amsomee mara mbili kwa Kiswahili: wageni hawaruhusiwi, mwenye chumba atie saini mwenyewe katika daftari la mapokezi kila siku kabla ya saa nne usiku, na asipoonekana siku mbili mfululizo atahesabiwa amehama. Chumba kilikuwa kwa jina lake. Siku moja mwaka 2023 basi lilimchelewesha, Shekinah akajaribu kutia saini badala yake, na Bwana Rupinder wa mapokezi, mtu mpole, akafunika daftari kwa kiganja akasema, “Siwezi, binti. Sheria siandiki mimi, mimi nalinda kitabu tu.” Marehemu alifika saa nne kasoro dakika sita, akitweta.

Tangu siku hiyo hofu ilikaa naye kama mpangaji wa nne. Aliacha kazi za jioni, ingawa ndizo zilizokuwa na malipo bora. Akisikia hatua kwenye ngazi alipunguza sauti ya redio. Aliwafundisha watoto kukohoa ndani ya mto, wasije wakasemwa kuwa wana ugonjwa, na alimkataza Ann kuwaambia walimu kwamba wanalala watu watatu chumba kimoja, kwa sababu alikuwa amesikia jikoni kwamba watoto huchukuliwa. Ann alimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba hakuna anayechukua mtoto kwa ajili ya chumba kidogo. Marehemu akasema, “Wewe unawajua wa darasani kwako, mimi nawajua wa ofisini.” Chini ya hofu hiyo yote alikuwa na ombi moja tu, na aliwaambia watoto wake wazi, kwamba Ann afikishe miaka kumi na minane akiwa analala chini ya dari moja na dada yake.

Hapa familia ina jambo la kuwaomba radhi ndugu wa Kamachumu. Marehemu alipokuwa akipiga simu ya picha nyumbani, alipigia dukani kwa Bwana Praful, karibu na kituo, kwa sababu pale palikuwa na mwanga na rafu zilizojaa. Bwana Praful alizaliwa Mwanza, mtaa wa pili kutoka kiwanda cha pamba, na alikuwa akimtania, “Mama wa Kihaya, nunua ndizi au acha kuzitazama hivyo, zinaona haya,” kisha anamwekea kifungu cha dhania bure. Kaka mkubwa alipoona rafu zile akapaza sauti, “Kumbe dada una duka na hutuambii!” Marehemu alicheka, hakukanusha, na baada ya hapo ikawa vigumu kukanusha. Duka lile si lake. Halikuwa lake hata siku moja. Alichotuma nyumbani kilitoka kwenye kuogesha wazee, na mliponyimwa, mlinyimwa kwa kuwa hakuwa nacho.

Ugonjwa ulianza Oktoba 2025 kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ngazi, akawa analala ameketi. Tarehe 4 Novemba daktari wa zahanati alimpima akasema moyo umechoka sana, alazwe siku ile ile. Marehemu aliuliza swali moja, siku ngapi, daktari akasema tano, huenda saba. Akamshukuru, akasema atakwenda kesho, akarudi chumba namba saba na kutia saini.

Shekinah, aliyehitimu chuo kikuu Julai mwaka huu, alipiga simu ofisi ya makazi ya halmashauri, akasubiri dakika hamsini na mbili ikakatika. Tarehe 6 Novemba, saa tano na dakika kumi na nne asubuhi, aliandika barua pepe kuuliza kama siku za hospitali huhesabiwa kuwa ni kutoonekana, likaja jibu la mashine kwamba atajibiwa ndani ya siku kumi za kazi. Akamsihi mama yake aende tu. “Mama, hospitali ni bure.” Marehemu akasema, “Hospitali ni bure, chumba si bure. Nikilala kule siku tano, nyinyi mtalala wapi ya sita?” Akasihi tena kila siku, Ann naye akasihi, kwa Kiswahili safari hii, na marehemu akamwambia, “Ngoja jibu lao lije, mwanangu. Tusiwape sababu.” Bwana Rupinder alipomwona anashika ukuta kwa mkono wa kushoto na kalamu kwa wa kulia, alimsogezea kiti, lakini naye hakulijua jibu, na alikuwa akiogopea kazi yake.

Alhamisi tarehe 13 Novemba, saa moja na dakika kumi asubuhi, marehemu alianguka kwenye ngazi akienda kazini. Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika kumi na tisa. Ijumaa alipata fahamu kwa muda, akauliza nani ametia saini, na Shekinah akamwambia, “Nimetia mimi, Mama, wamekubali.” Hilo halikuwa kweli. Limeandikwa hapa kwa sababu kila kingine humu ni kweli, na kwa sababu marehemu alifumba macho akasema, “Basi vizuri.” Alifariki dunia Jumamosi tarehe 15 Novemba 2025, saa kumi na dakika ishirini jioni, moyo ukiwa umeshindwa, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Jibu la ofisi lilikuja tarehe 20 Novemba, siku ya kumi ya kazi, kama walivyoahidi. Lina mistari mitatu. Linasema kulazwa hospitali si kutoonekana, inatosha kuleta barua ya daktari. Familia haisomi mistari hiyo ili kumhukumu mtu. Inaisoma kwa sababu humu ndani wamo watu wanaoogopa jambo ambalo hawajaliuliza, au wameliuliza na wanasubiri huku wanaumwa, na familia inawaomba waende hospitali leo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea na kukaa naye hadi dakika ya mwisho, wahudumu wenzake waliogawana zamu zake bila kuambiwa, jirani wa chumba namba nane aliyewapikia watoto wiki nzima, Bwana Praful aliyetoa chakula cha leo chote, Bwana Rupinder aliyeomba ruhusa ya kazi ili awepo hapa, Bi. Faridah aliyemwosha na kumvisha, na wote waliochanga ili azikwe kwa jina lake katika kaburi lake mwenyewe. Wasioweza kutajwa wasidhani hawakuonekana.

Marehemu ameacha watoto wawili na ndugu watano. Mwenye chumba akifariki, chumba hurudishwa, nacho kinatakiwa kuwa wazi Ijumaa ijayo, tarehe 12 Disemba. Shekinah ni mtu mzima, Ann ana miaka kumi na mitano, na ofisi imesema kwa sasa inawatazama kama maombi mawili, si moja. Miadi yao ni Jumatatu tarehe 8, saa tatu asubuhi. Familia inaogopa, na imechoka kuogopa kimya kimya. Mwenye nafasi asimame nao siku hiyo, hata kama hajui la kusema, hata kama Kiingereza chake ni cha sokoni, aje tu ahesabike, ili atakayeuliza watoto hawa ni wa nani aone jibu limejaa hadi barabarani.

Laurette, binti Evodius, pumzika kwa amani. Jumatatu saa tatu kasorobo tutakuwa mlangoni, na Ann atakuwa katikati yetu.