Kumbukumbu na Ufutio

Katika gari la Kirua Vunjo, mama mmoja alikuwa amepakata laptopu iliyofungwa kanga kama mtoto anayetoka kliniki. Alimwambia jirani yake kuwa yeye ni Leonia, katibu wa usharika. "Inajizima ikijisikia. Leo nikifika jina la tatu kwenye orodha ya watoto, kesho la arobaini. Na kipaimara ni Jumapili hii!"

Jirani, kijana aitwaye Shedrack, akasema yeye ni fundi. Mafundi hawakosekani kwenye gari letu. "Hiyo ni kumbukumbu, mama. Chomoa kibao chake, usugue meno yake ya shaba kwa ufutio wa shule."

"Nifute kumbukumbu? Mna majina ya watoto sabini mle!"

"Majina yako kwenye diski, mama. Kumbukumbu ni kama meza tu ya kufanyia kazi."

"Na kwenu mkifuta meza, chakula kinabaki juu?"

Tulicheka gari zima, fundi akituzidi. Gari likasimama kanisani.

"Shuka uifute mwenyewe," mama alisema, akimkabidhi laptopu. "Likipotea jina hata moja, Jumapili litaitwa la kwako."

Shedrack alikuwa amebakiza vituo vitatu. Alishuka, bado anaeleza habari ya meza.