Drusilla, Aliyempa Omosa Maneno ya Baba Yake

Wasikilizaji wapendwa, bwakire buya, habari za asubuhi. Mimi ni Fred Nyabuto. Asubuhi hii tumkumbuke Drusilla Mokeira, mpiga video wa Nyakoe. Drusilla alituacha wiki mbili zilizopita, baada ya kuugua figo. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Tulimzika Ijumaa, nyumbani kwao Ekerenyo.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la nguo la Dahabo. Ukutani alitundika kitambaa cha kijani. Unasimama mbele yake, anakurekodi, kisha kwenye kompyuta anaondoa kijani chote na kukuweka mahali pengine. Ufukweni, mlimani, popote utakapo.

Siku moja ilikuja kwaya na sare mpya. Sare za kijani! Drusilla hakuwa na moyo wa kuwarudisha, akawarekodi hivyo hivyo. Alipoondoa kijani, vilibaki vichwa kumi na vinane vikiimba hewani. Dahabo anasema mwalimu wa kwaya alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kesho yake Dahabo akamkatia Drusilla kitambaa cha buluu. "Nilimwambia, dada yangu, huku kwetu kila kitu ni kijani. Chukua hiki, utakihitaji."

Lakini, wasikilizaji wapendwa, nataka mjue kazi moja hasa.

Drusilla ameacha kaka mdogo, Omosa, fundi wa viti na meza pale Ekerenyo. Omosa hasikii. Aliugua homa kali akiwa na miaka mitatu, na tangu hapo hasikii. Baadaye alipelekwa shule ya viziwi, akajifunza lugha ya ishara. Nyumbani hakuna aliyeijua. Walikuwa na ishara zao chache tu: njoo, kula, ng'ombe wametoka. Baba yao, Mzee Nehemiah, hakuwahi kufika shuleni kwa Omosa hata siku moja. Omosa akakua akiamini kwamba baba anamwonea haya.

Miaka mitatu iliyopita mzee alilemewa na kifua. Akamwita Drusilla. "Lete hiyo kamera yako. Nina maneno ya Omosa, na pumzi inaniishia."

Siku mzee alipopata nguvu, Drusilla alimrekodi akiwa amekaa barazani. Alizungumza Ekegusii, dakika kumi na moja. Maureen, mwalimu wa lugha ya ishara, siku hiyo alikuwa kazini Kenyenya. Basi Drusilla alimwomba aje Nyakoe baadaye, asimame mbele ya kitambaa cha kijani, asikilize sauti ya mzee na kuifasiri kwa mikono. Kisha angewaunganisha kwenye video, mzee na Maureen, kana kwamba wako baraza moja.

Mara ya kwanza haikufaulu. Maureen yuko hapa studioni nami, na anakumbuka vizuri. "Kijani kilipoondoka, kilienda na vidole vyangu. Nikamwambia Drusilla, kidole kikipotea, neno limepotea. Omosa atasoma kitu kingine kabisa."

Wengine wangesema inatosha. Drusilla alikishusha kitambaa, akakipiga pasi mpaka hakuna kunyanzi. Akaongeza taa. Akamvuta Maureen hatua tatu mbele, ili ule ukijani usimrudie mikononi. Wakarekodi tena, na tena. Ilikuwa siku ya nne, kila kidole kikaonekana.

Wakampelekea Omosa karakanani kwake. Mama yao, Mama Esnah, alikuwepo. Kwenye video mzee alisema hivi: "Omosa, homa ilipokushika nilikubeba mgongoni mpaka hospitali. Nilichelewa kuondoka nyumbani. Nikadhani masikio yako ni kosa langu. Kila nilipotaka kuja shuleni kwako, niliogopa kukutazama. Sikukuonea haya wewe. Nilijionea haya mimi."

Mama Esnah aliniambia, "Omosa aliirudisha video mara tatu. Halafu akatoka mbio, hata randa hakuiweka chini."

Alimkuta baba yake kitandani. Mzee aliishi siku tisa baada ya hapo, na zote tisa Omosa alikaa naye. Siku tisa, wasikilizaji. Na Mama Esnah, akiwa na miaka sabini na mbili, alianza kwenda kwa Maureen kila Jumamosi kujifunza ishara.

Ijumaa pale kaburini Omosa alizungumza kwa mikono, Maureen akatutolea sauti: "Baba nilimjua kwa sura tu. Dada akanipa maneno yake." Omosa alipomaliza, Mama Esnah alisogea mbele, akamjibu mwanawe kwa ishara, polepole, kidole baada ya kidole. Hakutafsiriwa. Maureen alinyamaza makusudi, na sisi sote tukawaacha wazungumze.

Kwako Mama Esnah, kwako Omosa, na kwako Dahabo uliyemwita dada, poleni sana. Mungu awape nguvu. Tunashukuru kwamba mliishi naye, na kwamba mlitugawia sisi pia.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo mkikaa kula, tazameni mezani. Ni nani anayecheka baada ya wengine kucheka, kwa sababu hajui kilichosemwa? Ni nani anayesubiri maneno yako? Usingoje pumzi ikuishie.

Asubuhi hii, kabla hatujaingia hewani, Maureen amenifundisha ishara moja tu: asante. Ninyi hamnioni. Lakini nimeinua mkono, na ninamwambia Drusilla.