Marehemu Tariel na Shamba Lililopuliziwa Dawa

Ndugu waombolezaji, mimi Lamara, dada mkubwa wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, na wanawe wameniomba niyasome kwa upole, ombi ambalo nimelisikia.

Tariel alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa kijijini kwetu, mkoani Kakheti, mtoto wa pili wa Vano na Elene, akasoma shule ya kijiji, kisha chuo cha kilimo Tbilisi, alikohitimu mwaka 1973 na kurudi na suti moja na majivuno ya suti tatu. Aliajiriwa katika shamba la serikali, ambako wakubwa, watu waliojua zabibu kwa uzito tu, walimwamuru ang'oe mizabibu ya kienyeji, naye akang'oa kama mjinga, isipokuwa ile ya baba yetu, aina ya Kisi, nyuma ya nyumba.

Tarehe 9 Oktoba 1976 alimwoa Nazibrola, aliyemzidi akili, wakajaliwa wana wawili, Mamuka na Zviad, hawa waliokaa mbele yenu na miwani ya jua ndani ya nyumba.

Mwaka 2004 alianza kulima kwa kufuata mwezi, bila dawa ya dukani, akijaza samadi kwenye pembe za ng'ombe na kuzifukia majira yote ya baridi ili iwe mbolea, na kwa kuwa hakupenda kuuliza mtu, mara ya kwanza alifukia pembe za madume, ambazo kwa kazi hiyo hazifai kitu, nanyi majirani mkacheka mpaka mkashika mbavu, kisha mvinyo wake uliposifiwa mkaja mmoja mmoja, kofia mkononi, kuomba vipandikizi vya Kisi. Aliwapa. Mimi nisingewapa hata jani.

Agosti 2019 figo zilimshinda, akalazwa hospitali ya Telavi, na huku nyuma wanawe, waliokwisha kumpata mnunuzi anayetaka shamba jeupe lisilo na majani, wakapulizia dawa ya magugu kila mstari, wakamwambia baba yao mizabibu inaendelea vizuri. Tarehe 2 Oktoba alirudishwa nyumbani, akaomba aletewe udongo wa chini ya mizabibu, akaunusa kwa muda mrefu, akasema, "Mamuka, mmepulizia."

Mamuka akamjibu, "Baba, ni majani tu hayo."

Alifariki tarehe 5, alfajiri, mavuno yakiwa hayajaanza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, na wenzake wa kazini waliojitahidi leo kunyoa ndevu. Mnunuzi, ambaye namwona amesimama pale mlangoni, aende kwao, kwa sababu nusu ya shamba ni yangu kwa urithi wa baba, siuzi, na nitaingoja ardhi ile ijisafishe hata ikinichukua umri wangu wote uliobaki.

Mezani tutakunywa mvinyo wa marehemu, mtungi wake wa mwisho, na kila aliyekuja kumzika atamiminiwa. Mamuka na Zviad, wanangu, nyinyi mmewekewa maji.

Pumzika, mdogo wangu Tariel, kwa amani waliyokunyima.