Tani Ishirini za Nini?

"Shoga, unamwaga pumba sebuleni na kuku huna. Kuna nini?"

Wasikilizaji wapendwa, swali hilo aliliuliza jirani mmoja, amesimama mlangoni na kikombe cha kuazimia chumvi. Aliyeulizwa alikuwa amepiga magoti sakafuni, rula mkononi, pumba mpaka kwenye nyusi. Akajibu bila kuinua kichwa: "Nataka nione inavyolala." Jirani akasahau chumvi. Alirudi kwake akawaambia wanawe kwamba yule mama wa nyumba ya pili ameanza kurukwa na akili.

Akili zake zilikuwa timamu kuliko zetu. Huyo alikuwa Mama Debe, fundi wa mikanda na eleveta katika kiwanda cha kusaga nafaka. Ametutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na tisa. Moyo ulichoka. Nasema tena kwa aliyefungua redio sasa hivi: Mama Debe, fundi wa eleveta, ametutoka. Nilikaa kuandika haya nikitegemea kulia. Mungu anisamehe, nimejikuta nachekacheka peke yangu mpaka chai ikapoa.

Mimi sikusoma mbali, kwa hiyo nitaeleza kama binti yake alivyonieleza, na alinieleza mara tatu. Mkanda unasafirisha nafaka kutoka huku kwenda kule. Eleveta inaipandisha juu, wima. Ndani yake kuna ndoo nyingi zimefungwa kwenye mkanda. Zinachota chini, zinamwaga juu, zinashuka kuchota tena. Basi. Kazi ya Mama Debe ilikuwa kuamua kipi kiwekwe wapi, na kiwe kikubwa kiasi gani.

Alianza na ufagio. Miaka sita alifagia chini ya mikanda. Wenzake waliona takataka, yeye aliona habari. Punje zikirundikana pembeni, mkanda ni mwembamba kwa mzigo wake. Zikirundikana kule chini unakoanzia, mkanda umeinuliwa mno, punje zinabiringika kurudi zilikotoka. Siku moja akamwambia fundi mkuu. Fundi mkuu akamwambia afagie. Kisha akaenda kuchungulia mwenyewe, akakaa huko muda mrefu, akarudi, akamnyang'anya ufagio na kumpa spana.

Debe lilikuja baadaye. Alikuwa na debe moja la lita ishirini, analipima likiwa na kila kitu: mahindi, chumvi, mashudu. Ndipo wakampa jina.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe.

Kiwanda kile kilikuwa na ngazi. Vidato thelathini na nane, kutoka sakafuni hadi kwenye tangi la juu kinakochanganywa chakula cha mifugo. Wabeba magunia walipanda ngazi hiyo tangu asubuhi hadi jioni. Mmoja wao alikuwa mdogo wake Mama Debe, tumbo moja. Kichwani, chini ya gunia, alikuwa na ngata ya kitambaa cha bluu aliyoshonewa na mkewe. Mama Debe alimwahidi: "Mdogo wangu, nitakushusha kwenye ngazi hii."

Meneja akakubali eleveta inunuliwe. Akamwachia Mama Debe hesabu. Yeye akapima debe la mahindi: kilo kumi na tano. Akapiga hesabu yake, ikatoka tani ishirini kwa saa. Eleveta ikaja, ikafungwa, wakaomba dua, wakawasha. Mahindi yalipanda kama yameitwa. Watu walicheza pale chini. Yule mdogo wake alitupa ngata yake juu akaidaka.

Siku ya pili wakatia pumba.

Ndoo zilipanda zimejaa, hakuna iliyopanda tupu. Lakini chini lundo lilikua, likakua, likafunika mdomo wa eleveta, mpaka mota ikanguruma na kusimama. Mama Debe akakimbilia debe lake. Akalijaza pumba, akaweka kwenye mizani. Kilo tano. Ndoo ile ile, mzunguko ule ule, lakini pumba ni nyepesi mara tatu. Tani ishirini zake zilikuwa za mahindi. Kwa pumba hazikufika hata saba. Yeye, mwenye debe, alisahau kupima pumba.

Meneja akaamuru mahindi yapite kwenye eleveta, pumba irudi ngazini. Wiki ya tatu, yule mdogo wake aliteleza kwenye kidato cha thelathini, gunia likamtangulia, yeye akafuata. Nyonga ilivunjika. Dada mtu alipofika wodini alikuta macho makavu. Binti yake alikuwepo, na ameniambia maneno aliyoyasikia. "Dada, ulipima mahindi. Mimi nabeba pumba." Akageukia ukutani.

Wasikilizaji wapendwa, miaka minne hakukanyaga kwa dada yake. Salamu zilipita kwa wifi, mke wa mdogo wake. Chakula kilipita kwa wifi. Ngata ilibaki nyumbani kwa yule mdogo, kwenye msumari.

Ndiyo maana pumba ilikuwa sebuleni. Aliimwaga ikiwa kavu, akapima mteremko wa lundo. Akainyunyizia maji kidogo, akapima tena, akaona inavyosimama kama ukuta na kukataa kuteremka. Aliisindilia kwenye kopo, akagundua kopo haliji kujaa sawasawa mara mbili. Akajifunza kwamba ndoo ya eleveta usiihesabu imejaa hadi ukingoni. Hesabu robo tatu, ushukuru Mungu.

Mwaka wa nne meneja akaita muuzaji wa eleveta mpya. Akaja na viatu vinavyong'aa na picha za rangi. Akasema yake inabeba tani ishirini kwa saa. Mama Debe akauliza, "Tani ishirini za nini?"

Muuzaji akacheka, "Mama, tani ni tani."

"Hata mimi nilisema hivyo," akasema. "Muulize mdogo wangu."

Muuzaji akaona hapa pana jambo, akajitetea kwamba kama pumba ni nyepesi, ataongeza kasi ya ndoo. Mama Debe hakubishana. Alichota pumba konzi moja, akairusha kwa nguvu kuelekea dirishani. Haikufika dirishani. Ilitawanyika hewani, ikatua taratibu juu ya picha, juu ya viatu, juu ya chai ya meneja. Akamweleza kwa upole kwamba ndivyo itakavyokuwa huko juu: ndoo ikikimbia sana, pumba haiendi tangini, inaelea na kurudi chini ilikochotwa. Anataka ndoo kubwa, pana, mwendo wa wastani, na mdomo wa kuingilia ulio mpana. Na hesabu ifanywe kwa pumba. Mahindi yatajipanga yenyewe. Meneja alifuta chai yake kwa kidole, akasema afanyiwe hivyo hivyo.

Mama yetu huyo sasa tunamwombea. Kwa binti yake, kwa wifi yake, kwa wajukuu, na kwa wewe kaka uliyebaki peke yako katika tumbo lile: poleni sana. Mwenyezi Mungu awape subira, na ampokee mja wake. Nasi tulio hai tujiulize leo, kabla hatujalala: yule anayebeba mzigo wangu, nimewahi kuupima mzigo wake, au napima wangu tu?

Nimebakiza siku ya majaribio ya eleveta mpya, kwa makusudi.

Ilitakiwa tani kumi za pumba kwa saa, pungufu ya hapo watu wanarudi ngazini. Binti alishika saa. Juu tangini walikaa wawili na mizani. Wakawasha. Robo saa, tani mbili na nusu na kidogo. Mama Debe hakukaa, hakunywa maji, ameweka kiganja kwenye bomba la eleveta kama anayepima homa ya mtoto. Nusu saa, tano na ushei. Lundo la chini halikui. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti. Ndipo binti akamwona mjomba wake, amesimama mlangoni na fimbo. Mkewe alikuwa amemwambia.

Akaja polepole, akasimama chini ya ngazi. Saa ikatimia, na huko juu mtu akapaza sauti: kumi na kilo mia mbili. Kiwanda kizima kikalipuka kwa vifijo, mabati yakapigwa, meneja akamkumbatia mfagiaji.

Ndugu yule alimwendea dada yake. Akatoa mfukoni ngata ya bluu, akaiweka ndani ya debe.

"Dada, safari hii umepima pumba," akasema.

Akageuka na fimbo yake, akavipita vile vidato thelathini na nane bila kuvitazama, akatoka nje.